Buibui wa Nyumbani Mwetu

Hapana nyumba isiyo na buibui. Nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi anaye, na nyumba ya matofali yenye bati na sakafu ya saruji anaye vilevile. Hapa Lemara, ambapo migomba hufika karibu na madirisha, na zizi la ng'ombe liko hatua chache kutoka jikoni, wako wengi, kwa kuwa penye inzi na mbu ndipo penye chakula chao. Wengi katika hao hutufaa, na wachache mno wana sumu iwezayo kumtia mtu maumivu makubwa. Shida ni kwamba watu hawajui yupi ni yupi. Mimi mwenyewe nimeona hasara mbili zilizotokana na kutojua huko, nami nitawasimulia zote mbili.

Ya kwanza ilitokea wakati wa masika. Msichana mmoja wa darasa la 5 alikuja shuleni asubuhi, naye ana mstari mwekundu shingoni wenye malengelenge, kama mtu aliyechapwa kwa kamba ya moto. Nikamwuliza, "Mwanangu, umepatwa na nini?" Akajibu, "Mwalimu, buibui amenikojolea usiku. Koko amesema hivyo." Koko ni bibi kwa lugha ya Waarusha, na neno la koko halibishwi na mjukuu. Jioni ile bibi, kwa kumhurumia mtoto, alitwaa majani makavu ya mgomba, akayafunga kama mwenge, akayawasha, akaanza kuunguza tando zote za jikoni, moja baada ya moja. Jiko lile lilikuwa la nyasi. Moto ukashika paa. Majirani walipofika na ndoo zao, jiko lilikuwa limekwisha kuanguka, na mbuzi wawili waliofungwa humo wamekufa. Bibi aliokoka, lakini mkono wake wa kuume uliungua tangu kiganja hata kiwiko.

Na buibui hakuwa na hatia. Aliyemwunguza msichana yule ni mdudu mwingine kabisa, nitakayemweleza mbele. Kwanza tumtazame buibui mwenyewe, jinsi alivyo.

Mkamate panzi, umhesabu miguu yake: ni 6. Kisha mtazame buibui bila kumgusa, umhesabu: ni 8. Panzi ana kichwa, kifua na tumbo, sehemu tatu mbali mbali. Buibui ana sehemu mbili tu, kwa maana kichwa chake na kifua vimeungana kuwa kitu kimoja. Hana mabawa, wala hana zile pembe ndefu za kupapasia. Kwa hiyo wenye elimu ya viumbe hawamweki katika jamii moja na panzi, inzi na mende. Ndugu zake ni nge na kupe. Na hapa niseme neno moja njiani: katika jamaa hii yote, kupe ndiye aliyetutia hasara kubwa kuliko wote katika nchi ya Meru, kwa kuwa huwaletea ng'ombe ndigana kali, lakini sijamwona bado mtoto akipiga kelele na kuruka juu ya dawati kwa sababu ya kupe.

Buibui wengi wana macho 8, na wengine 6. Wala usidhani kwamba macho mengi humwonyesha mengi. Wengi wa wale wakaao katika tando huona vibaya sana. Wao hutegemea miguu yao: inzi akinaswa, nyuzi hutikisika, na buibui akatambua kwa mtikisiko ule kama aliyenaswa ni mdogo au mkubwa, na yuko upande gani. Jaribu kuugusa utando kwa unyasi mwembamba, taratibu, uone kama mwenyewe hatatoka mbio.

Buibui hawezi kutafuna. Ana meno mawili yaliyopindika kama ndoano, nayo yana tundu ndani. Akimwuma inzi, sumu hupita katika tundu lile, inzi akalegea. Kisha buibui hummwagia maji yatokayo kinywani mwake, nayo huyeyusha nyama ya ndani, ndipo anaponyonya kama mtu anywaye uji kwa mrija. Ndiyo maana ukifagia chini ya utando huona inzi wakavu, wepesi kama makapi. Ni maganda matupu. Pengine huona na buibui mzima aliyekauka, miguu yote 8 ipo, ukadhani amekufa. Aghalabu hakufa. Buibui akikua hujivua ngozi yake kama nyoka, na ile ni nguo yake ya zamani aliyoiacha.

Basi, karibu buibui wote wana sumu, lakini sumu hiyo ni ya kumlegeza inzi, si ya kumpiga mtu. Meno ya wengi hayawezi hata kutoboa ngozi yetu. Hata kufika mwaka 2022 wataalamu walikuwa wameandika majina ya aina 50,000 za buibui katika dunia nzima, na bado wanaendelea kupata wapya. Walio hatari kwa mtu, ukilinganisha na wingi huo, ni kama punje chache katika gunia la mahindi. Na chakula wanacholiwa na hao wote ni kingi ajabu: mwaka 2017 wataalamu wawili walipiga hesabu, wakaona kwamba buibui wa dunia hula tani milioni 400 hadi milioni 800 za wadudu na viumbe vidogo kila mwaka.

Uzi wake hutoka katika vitundu vidogo vilivyo nyuma ya tumbo. Ndani ya mwili ni maji mazito. Ukivutwa nje hugeuka kuwa uzi. Ukiupima na uzi wa chuma wenye uzito uleule, huo wa buibui ni imara zaidi. Katika bustani zetu, kati ya mibuni na migomba, yuko buibui mkubwa wa kike afumaye utando mpana wenye nyuzi zing'aazo kama dhahabu. Watoto humwogopa kwa ukubwa wake, naye hana neno na mtu. Mwaka 2009 watu wa New York walionyeshwa nguo iliyofumwa Madagaska kwa nyuzi za buibui wa jamaa hiyo. Buibui zaidi ya milioni moja walikamatwa, wakavutwa nyuzi zao, kisha wakaachiliwa waende zao. Nguo ilikuwa na rangi ya dhahabu, wala haikutiwa rangi yoyote.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Tazama pembe ya dari. Yule mwenye miguu mirefu, myembamba kama unywele, na mwili mdogo kama punje ya mchele, ambaye ukimgusa hutikisa mwili wake upesi upesi mpaka usiweze kumwona vema, huyo hana madhara. Ubaya wake ni mmoja tu, kuchafua dari. Ufagio wamtosha.

Ukutani yuko mwingine aliye bapa kana kwamba mtu amempiga pasi. Hafumi utando wa kutegea. Mchana hujificha nyuma ya picha au katika ufa wa mlango, na usiku hutoka kuwinda. Hukimbia upande upande kama kaa, na upesi wake ndio uwatishao watu. Huyo ni mla mende, na mwenye akili humwacha.

Wa tatu ndiye nimpendaye mimi kuliko wote. Ni buibui mrukaji, mfupi, mnene, mwenye manyoya kidogo na macho mawili makubwa ya mbele kama taa za motokaa. Utamwona dirishani wakati wa jua. Huyu huona vizuri kabisa. Ukisogeza kidole chako, hugeuka akutazame. Humnyemelea inzi kama paka amnyemeleavyo panya, akifika karibu hujifunga uzi mmoja ukutani, kisha huruka. Akikosa, haanguki chini, kwa kuwa uzi wake umemshika. Kaa kitako dirishani nusu saa, umwangalie, hutajuta.

Na katika jamaa hii ya warukaji yuko mmoja ambaye Afrika ya Mashariki imempa sifa duniani. Hayuko hapa Arusha. Anakaa kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya na Uganda, katika kuta za nyumba na nyasi zilizo karibu na watu. Jina lake la kitaalamu ni Evarcha culicivora, na maana ya jina hilo la pili ni mla mbu. Alipewa jina hilo mwaka 2003. Mtaalamu mmoja wa New Zealand, Robert Jackson, pamoja na wenzake, walimchunguza huko Mbita, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu kilicho ufukoni mwa ziwa, na mwaka 2005 walitangaza jambo walilolipata. Buibui huyu hapendi mbu yeyote tu. Humpenda mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Hawezi kutoboa ngozi ya mtu ili ainywe damu mwenyewe. Kwa hiyo huingoja mpaka mbu amletee. Humtambua kwa macho, na hata akiwa gizani humtambua kwa harufu ya damu.

Tena watoto wake wadogo, ambao ni wadogo kuliko mbu mwenyewe, wana werevu wao. Mmejifunza kwamba mbu aenezaye malaria, yaani Anofelesi, akitua hainui kichwa. Huinua sehemu ya nyuma juu, na mwili wake ukawa umeinama. Buibui mdogo huitambua alama hiyo. Humzunguka mbu kwa nyuma, akaingia chini ya tumbo lile lililoinuka, akamshika kutoka chini. Mwanafunzi wa darasa la 6 akiulizwa alama ya Anofelesi pengine husahau. Buibui asiye na siku nyingi tangu kuanguliwa haisahau.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mtu atupe chandarua chake kwa sababu ana buibui ukutani. Buibui mmoja hula mbu wachache kwa siku, na mbu mmoja akimponyoka, huyo mmoja atosha kuleta homa. Chandarua kikae mahali pake, na buibui akae mahali pake.

Buibui nao wana adui zao. Katika ukuta wa shule yetu, chini ya paa, mmeona vijumba vya udongo vilivyoshikamana kama vidole. Vijumba hivyo hufinyangwa na nyigu mwembamba mwenye kiuno kama uzi. Ukikivunja kimoja utakuta kimejaa buibui wadogo, laini, ambao hawakufa wala hawaendi. Nyigu amewachoma mwiba wakapooza, akawarundika humo, akataga yai juu yao, ili mtoto wake akianguliwa akute chakula ambacho hakijaoza.

Sasa nije kwa wale wa kuogopwa. Hao ndio yafaa muwajue kwa alama zao, kama mchungaji ajuavyo alama za masikio ya ng'ombe.

Wa kwanza huitwa buibui mjane, kwa sababu jike pengine humla mume wake. Yuko wa rangi ya kahawia, na huyo ndiye aliye karibu nasi zaidi. Tumbo lake ni duara kama mbaazi, mgongoni lina madoa na mistari, na miguu yake ina pete za rangi mbili. Alama yake kubwa iko chini ya tumbo: ni doa jekundu au la rangi ya chungwa, lenye umbo la pembe tatu mbili zilizokutana kwa ncha. Lakini kwa kuwa hukaa akining'inia, na mtu hapendi kumgeuza amtazame tumbo, iko alama nyingine iliyo bora kwa watoto. Tafuta vifuko vyake vya mayai. Ni vijiduara vyeupe au vya manjano, kama punje ya mbaazi, vyenye miiba midogo pande zote. Buibui wengine wa nyumbani hawafanyi vifuko vya namna hiyo. Ukiona kijiduara chenye miiba chini ya dawati, chini ya kiti, kwenye ukingo wa sufuria ya maua, nyuma ya lango, au chini ya ubao wa kukalia chooni, usitie mkono hapo. Utando wake nao hauna mpango; ni nyuzi zilizotupwa huku na huku, na ukizikata kwa kijiti huzisikia zikikatika, kwa kuwa ni ngumu.

Huyu si mkali. Ukimgusa hujikunja na kuanguka chini kama mfu. Huuma akibanwa tu, mathalani mtu akimkalia au akivaa kiatu alimojificha. Kuumwa naye huuma sana mahali penyewe, na mara nyingi maumivu hupungua baada ya saa kadhaa. Yuko jamaa yake mweusi mwenye sumu yenye nguvu zaidi, ambaye hukaa chini ya mawe, magogo na kuni. Na hapa ndipo penye hadithi yangu ya pili.

Mvulana mmoja wa darasa la 6 alitumwa na mama yake kuleta kuni nyuma ya nyumba, jioni, giza limeanza kuingia. Akatia mkono katika lundo bila kutazama. Alihisi kama amechomwa sindano. Hakujali, akabeba kuni zake. Haikutimia saa moja maumivu yakapanda mpaka kwapani, kisha tumboni na mgongoni. Tumbo likawa gumu kama ubao, jasho likamtoka mwili mzima, akawa hawezi kulala wala kukaa. Wazee wa boma walimpenda, nao walifanya walilolijua. Walimfunga mkono kwa kamba, wakaikaza sana, wakamchanja kwa wembe mahali alipoumwa, wakapaka masizi. Asubuhi ndipo alipopelekwa hospitali. Maumivu ya sumu yalikwisha siku ya tatu. Lakini mkono uliofungwa ulikuwa umevimba, na kidonda cha wembe kilioza, kikachukua miezi mitatu kupona. Mtihani wa mwisho wa mwaka hakuufanya. Walipolipangua lile lundo la kuni walimwona buibui mweusi, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Wa pili wa kuogopwa ana jina linalotuhusu sisi wenyewe. Katika miaka ya 1905 na 1906 alikuja huku mtaalamu wa Kiswidi, Yngve Sjöstedt, pamoja na wenzake. Walizunguka Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamasai zilizo karibu, wakikusanya wanyama na wadudu wa kila namna, wakawapeleka kwao. Buibui walipewa mtaalamu mwingine, Albert Tullgren, awachunguze. Naye mwaka 1910 aliandika habari zao. Mmoja wao alimpa jina la mlima wetu: Loxosceles meruensis, yaani wa Meru. Jamaa yake yote huitwa buibui wa fidla, kwa sababu wengi wao wana alama nyeusi kifuani kama fidla, hilo zeze la Kizungu. Ni wa rangi ya udongo, miguu mirefu myembamba, na macho yao ni 6, mawili mawili. Hukaa chini ya mawe na magome ya miti, pengine katika maboksi na nguo zilizolala siku nyingi bila kuguswa, na hutembea usiku.

Kuumwa na wa jamaa hii ni nadra, lakini kuna hila yake: mara nyingi mwanzoni hakuumi. Mtu hajui. Baada ya saa kadhaa mahali hapo pawe pekundu, pakaanza kuuma, kisha katikati pakawa peusi na nyama ikafa. Kidonda cha namna hiyo hakikamuliwi wala hakichanjwi. Ni kazi ya tabibu.

Wa tatu ni yule mkubwa mwenye manyoya, atishaye kuliko wote, ambaye vidole vyake ni kama vya nyani. Huchimba shimo ardhini na kulitandika uzi mweupe mlangoni. Utamwona zaidi nyikani kuliko nyumbani, ila mvua ikifurika mashimo yao huhama, na mmoja aweza kuingia ndani. Akiudhiwa huinua miguu ya mbele na kuonyesha meno. Sumu yake huuma vikali, na misuli yaweza kukaza siku kadhaa, lakini haijulikani kuwa imeua mtu. Wavulana wenye mchezo wa kumchokoa kwa kijiti wajue hivyo.

Mtu akiumwa, afanyeje? Aoshe mahali pale kwa maji safi na sabuni. Aweke kitambaa kilicholowa maji baridi. Atulie. Asifungwe kamba, asichanjwe, asinyonywe kidonda, wala asipakwe masizi au samadi, kwa maana uchafu huo huleta pepopunda, nayo ni mbaya kuliko buibui. Kama buibui amekwisha kuuawa, atiwe katika chupa apelekwe pamoja na mgonjwa, hata akiwa amepondeka. Maumivu yakisambaa mwilini, au jasho likimtoka, au akitapika, au pumzi ikiwa fupi, asingojwe mpaka asubuhi, apelekwe zahanati au hospitali saa ile ile. Mtoto mdogo, mzee na mja mzito wapelekwe hata kama dalili ni ndogo.

Sasa nirudi kwa msichana wetu mwenye malengelenge shingoni. Mdudu aliyemwunguza ni wa jamii ya mbawakawa, lakini hafanani na mbawakawa mwingine. Ni mwembamba kama sisimizi mrefu, urefu wake kama punje ya mchele au kuzidi kidogo. Mwili wake ni mwekundu na mweusi, kwa zamu, na hutembea akiinua mkia kidogo. Watu humwita inzi wa Nairobi, ingawa si inzi. Baada ya mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 walizidi mno katika nchi ya Kenya, na watu wengi wakapata vidonda. Huja wakati wa mvua, na usiku hufuata taa.

Mdudu huyu haumi wala hachomi. Sumu imo katika maji ya mwili wake. Akitambaa shingoni pako nawe umelala nusu, ukampiga kofi na kumsugua, maji yale huenea katika ngozi. Siku ile huoni kitu. Kesho yake au siku ya pili ngozi huwaka, malengelenge yakafuata njia ile ile mkono wako ulikopita. Kwa hiyo mtu aamkaye na mstari wa moto hutafuta mkosaji, akimwona buibui ametulia pembeni, humhukumu yeye. Dawa ya kwanza ni kutomponda. Mpulize aende zake, au mwondoe kwa karatasi. Ukiwa umekwisha kumponda, osha kwa sabuni na maji mengi, na usijisugue macho kwa mkono ule. Tena usiku wa mvua zima taa usizozihitaji, na ufunge madirisha mapema.

Nilikwenda kwa bibi yule, nikiwa nimemtia mdudu huyo katika chupa. Nikamwamkia, "Shikamoo, koko." Akaitikia, akaitwaa chupa kwa mkono wake mzima, akaitazama sana kwenye mwanga. Akasema, "Huyu namjua, mwanangu. Kila masika yuko kwenye taa yangu. Sikumdhania hata kidogo, kwa kuwa ni mzuri." Jiko jipya walilijenga kwa matofali na bati, na mwezi wa pili tu buibui walikuwa wamekwisha kuhamia.

Katika darasa langu kazi ya kila Jumatatu ni kupindua madawati. Watoto wawili wawili hushika dawati moja, hulilaza ubavu, mmoja humulika chini yake kwa tochi. Hawatii mkono. Kila penye kijiduara cha miiba huja kuniita, nami hukiondoa kwa kijiti kirefu pamoja na mwenyewe, nikavitia katika kopo na kumwagia maji ya moto. Nguo za michezo hukung'utwa kabla ya kuvaliwa, na viatu vilivyoachwa barazani hupigwa kisigino chini mara mbili. Mwanzoni kazi hii ilichukua nusu saa na makelele mengi. Sasa huisha kabla ya kengele ya pili. Jumatatu iliyopita tulipata vifuko vitatu, vyote katika madawati ya nyuma, ambako ufagio haufiki vema. Na juu ya ubao alikuwapo buibui bapa, ambaye amekaa hapo tangu mwanzo wa muhula. Mtoto mmoja mgeni akainua ufagio ampige, wenzake wote wakamzuia kwa sauti moja, "Huyo mwache! Huyo ni wa mende!"